Popo wa Bwera na Kahawa ya Vasta

Vasta alianika kahawa kwenye turubai nyuma ya nyumba yake, pale Bwera, na kila jioni ilipungua. Usimsingizie kuku, kuku hali kahawa. Ilipungua beseni zima zima, na ndiyo aliyoitegemea anunue mabati kabla ya mvua, maana nyumba ilivuja mpaka kitandani.

Wizi wenyewe ulikuwa na saa yake. Jua likizama, popo wa mikaratusi ya sokoni walimiminika angani, na mumewe Tefiro ndiye aliyepaza sauti wa kwanza: "Imetoka! Muangalie juu!" Watu walimtania, wakimwita waziri wa popo. Mtaa mzima uliinua shingo, Vasta naye akakimbilia barabarani. Akirudi, kahawa imeguswa.

Basi akamshuku Umaru. Kwa nini asimshuku? Mtu anasafirisha kahawa kwa pikapu hadi Kasese, halafu kila jioni anaegesha karibu na ua wako, mikono mfukoni, eti anaangalia popo! Popo wana nini cha kuangaliwa kila siku?

"Dalili ya mvua ni mawingu," alimwambia jirani yake Loyi. "Ile mutu iko na macho ya wizi."

Loyi hakulala na neno. Kufikia Ijumaa soko zima lilijua, na Umaru akisalimia, watu waliitikia shingo upande.

"Mama, mimi naangalia popo tu," alimwambia Vasta. "Iko mingi. Mungu iko mukubwa."

"Angalia. Na mimi nitakuangalia wewe."

Jumamosi, Tefiro alipopiga kelele yake, Vasta hakutoka. Alijibanza nyuma ya jiko. Mlango wa nyuma ukafunguka. Mtu akainama, akachota kahawa kwa beseni la kuoshea vyombo, akaimimina guniani. Shati alilovaa, Vasta mwenyewe alilifua asubuhi.

"Mwizi!" Ilimtoka kabla hajafikiri. "Mwizi, jamani!"

Barabarani hakuna aliyeuliza mwizi gani. Walimrukia Umaru akiwa bado anaangalia juu. Wakamwangusha, mmoja akaokota jiwe.

Tefiro aliganda, beseni mkononi. "Nyamaza, Mama Davis," alimnong'oneza mkewe. "Waache tu."

Aibu ilimpanda Vasta, aibu ya mume na aibu ya ulimi wake mwenyewe. Akaikamata kola ya shati lile kwa mikono miwili, akamburuta mumewe hadi barabarani.

"Mumuachie!" alilia. "Huyo hana kosa. Mwizi ni wangu, huyu hapa."