Vumbi la Matofali Mabegani

Kila siku ya kazi, saa mbili asubuhi, Loretha Mabry alivua koti, akalitundika kwenye kiti cha mwisho cha safu aliyokuwa anaishughulikia, akatia kinywani misumari midogo kama ishirini hivi, akaanza kupiga. Ndivyo mafundi wa viti wa zamani walivyofundishana kazi. Misumari inakaa kinywani, ulimi unaileta mbele mmoja mmoja, nyundo yenye sumaku inaudaka midomoni, na mkono wa pili unabaki huru kuvuta kitambaa. Mtu mwenye misumari kinywani hawezi kuzungumza. Loretha hakuwahi kuiona hiyo kuwa kasoro ya kazi.

Jumba la maonyesho la Marlow, katikati ya mji wa Macon, lilikuwa limefungwa kwa miaka ishirini na saba. Njiwa walikuwa wamezaliana humo na kuzeeka humo. Sasa kamati ya wapenda majengo ya kale ilikuwa imeamua kulirudisha jumba lilivyokuwa mwaka wa 1911, mwaka lilipofunguliwa: dhahabu kwenye dari, malaika wa plasta juu ya jukwaa, mahameli nyekundu kwenye viti mia tisa vya chini na vya roshani ya kwanza. Viti hivyo alipewa Loretha. Alikuwa na miaka arobaini na saba, hana mume, na tangu Februari hakuwa na mama.

Jumamosi moja ya Novemba, saa nane na nusu mchana, alikuwa amepiga magoti kwenye safu ya F alipoangukiwa kichwani na ganda la karanga. Aliliondoa, akaendelea. Likaanguka jingine. Lilikuwa la karanga za kuchemsha, bado lina unyevu wa chumvi. Akainua macho.

Roshani ya juu kabisa, ile yenye mabenchi ya mbao ambayo hayakuwa kwenye mkataba wake, ilikuwa imejaa watu. Walivaa nguo zao za Jumamosi. Wanawake walikuwa na kofia na glavu, wanaume wameshika kofia zao magotini, na kila mmoja alikuwa na vumbi jekundu la matofali mabegani. Wote walikuwa marehemu. Loretha alimtambua kinyozi wa mtaa wao, aliyezikwa mwaka wa 1978, na mwalimu wake wa piano. Safu ya tatu, kando ya nguzo, mkoba mapajani, alikaa mama yake, Ozella.

Loretha alitema misumari kiganjani, akangoja. Mama yake alikuwa anatazama jukwaa. Jukwaani hapakuwa na kitu ila ngazi ya mpaka rangi na ile taa ambayo kila jumba la maonyesho huiacha ikiwaka pasipo na mtu, balbu moja juu ya mti wa chuma, ambayo watu wa kazi hiyo huiita taa ya mizimu.

"Onyesho la mchana hilo," alisema Hosea Gaines, mzee wa usafi, akipita na ufagio. "Hii Jumamosi ya tatu."

"Wanaingilia wapi?"

"Wewe unadhani wapi? Kule kule uchochoroni. Wanapita kwenye ukuta. Halafu vumbi lote, mfagiaji nani? Hosea."

"Hawasemi kitu?"

"Shangazi yangu yumo, yule mwenye kofia ya kijani. Hata salamu hana. Ila usimwonee, alivyokuwa hai alikuwa hivyo hivyo."

Loretha alirudisha misumari kinywani. Saa kumi na moja mabenchi yakalia, watu wakashuka, na Hosea akapanda na ndoo.

Uchochoro ule aliujua. Siku yake ya kwanza ya kazi, alipewa ufunguo wa mlango mkubwa wa mbele, wenye vioo na shaba, lakini miguu ilimpeleka nyuma ya jengo bila kumuuliza. Alisimama dakika nzima mbele ya ukuta wa matofali, ufunguo mkononi, akitafuta tundu. Hapo ndipo palipokuwa na mlango wa watu weusi, na kidirisha chao cha tiketi, na ngazi arobaini na nne zilizopanda moja kwa moja hadi roshani ya juu bila kugusa sehemu nyingine yoyote ya jumba. Alipokuwa mtoto alizipanda akimshika mama yake sketi. Jumba lilipofungwa, mtu aliuziba mlango ule kwa matofali, na yalikuwa matofali mazuri, yamepangwa kwa uangalifu.

Jumamosi iliyofuata aliacha kazi saa nane, akaenda kuufungua mlango wa mbele, akauzuia kwa mgongo wake usijifunge. Marehemu walikuja kwa miguu kutoka makaburi ya upande wa mtoni, wawili wawili. Ozella alikuja peke yake, akiyumba kidogo kwa sababu ya yale magoti yaliyomsumbua miaka kumi ya mwisho. Alifika kwenye vioo, akajitazama, akaiweka sawa kofia yake. Kisha akapinda kona kuelekea uchochoroni. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Loretha alisikia harufu ya mafuta ya nywele ya mama yake, ile ya kopo la bluu, ikabaki mlangoni muda kidogo, ikaisha.

Alifanya hivyo Jumamosi saba.

Kulikuwa na jambo alilotaka kumwambia, nalo lilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Mwaka wa 1965, sheria ya kuwatenga weusi na wazungu ilipokuwa imekwisha kufutwa, Loretha alikwenda Marlow na wasichana watatu wa shule, wakaingia kwa mlango wa mbele, wakakaa safu ya F. Ilikuwa mara yake ya kwanza. Wazungu wawili walihama kiti, basi, hakuna zaidi. Alikuwa na gauni la njano na alikuwa anajisikia mtu. Ndipo sauti ikatoka juu kabisa, kule ambako siku hiyo kulikuwa na wazee sita tu waliozoea: "Retha! Retha, mwanangu, nipo huku!" Mama yake alikuwa amepanda zile ngazi kama Jumamosi zote. Wasichana wakageuka, mmoja akaziba mdomo akicheka. Loretha alitazama jukwaa. Sauti ikaita tena, mara hii chini zaidi, kisha ikanyamaza.

Jioni, Ozella akimenya viazi, aliuliza, "Hukunisikia nikikuita?"

"Sikusikia," alisema Loretha.

"Kelele zilikuwa nyingi," alisema Ozella, na akaendelea kumenya. Hakwenda tena Marlow. Neno hilo halikurudiwa nyumbani kwao, hata hospitalini mwezi wa pili, siku za mwisho za Ozella, ambapo walizungumza sana juu ya hali ya hewa.

Ndiyo sababu Loretha, ambaye hakuwahi kuomba kitu kwenye kamati yoyote, alivaa koti lake la kanisani akaenda kumwona mwenyekiti, Bi Maribeth Thackston. Bi Thackston alikuwa mwanamke mpole mwenye lulu mbili masikioni, na alimkaribisha chai baridi.

"Nimekuja kwa habari ya mlango wa uchochoroni," alisema Loretha. "Yale matofali yatolewe. Mama yangu ana magoti mabaya, na kupenya ukutani kunamchosha kabla hajazifikia ngazi."

"Mama yako ni miongoni mwao? Pole, mpenzi." Bi Thackston alimshika mkono, na alikuwa anamaanisha. "Unajua sisi tunafurahi kuwa nao. Kila jumba lenye heshima lina mizimu yake. Tumewatia hata kwenye kijitabu cha wageni."

"Nimekiona. Kimeandika ni waigizaji wa zamani."

"Ndiyo, inapendeza zaidi kusomeka."

"Kamati ilisema kila kitu kirudi kama 1911. Mwaka wa 1911 mlango ule ulikuwepo."

Bi Thackston alizungusha barafu kwenye glasi. "Retha, mlango ule ukifunguliwa, watu watauliza ulikuwa wa nini. Tunataka mji mzima ufurahi pamoja. Hatutaki kumuumiza mtu."

"Nani ataumia?"

"Mtu yeyote," alisema Bi Thackston kwa upole. "Na ule wa mbele si uko wazi kwao sasa? Hakuna anayewakataza."

Loretha alimaliza chai yake, akashukuru, akatoka.

Hosea alikuwa anamngoja Marlow. "Amesemaje?"

"Amesema wa mbele uko wazi."

"Kweli uko wazi. Hata ukuta uko wazi, si wanapita?" Alicheka kidogo, akaacha. "Ulikunywa ile chai?"

"Nilikunywa."

"Ilikuwa na sukari?"

"Haikuwa nayo."

"Nilijua tu," alisema Hosea.

Kwa vipande vya mahameli vilivyobaki, Loretha alishona mto mmoja wa kukalia. Aliujaza manyoya ya farasi kama viti vya chini, akaushona kingo kwa mkono, akaupandisha kwa mlango mdogo wa mafundi hadi safu ya tatu kando ya nguzo. Jumamosi hiyo Ozella alifika, akaupapasa mto ule, akausogeza pembeni, akaweka mkoba wake juu yake. Yeye mwenyewe akakaa kwenye mbao.

Loretha alisimama kwenye kijia kati ya mabenchi, hatua mbili kutoka kwake. Alikuwa ametoka kazini na misumari bado ilikuwa kinywani. Alikaa nayo mpaka saa kumi na moja.

Marlow lilifunguliwa tena mwezi wa Aprili. Meya alikata utepe, na okestra ya chuo ilipiga. Roshani ya juu haikufunguliwa. Mkaguzi wa zimamoto alikuwa amesema haina njia ya pili ya kutokea, na njia ya pili ilikuwa ule mlango wenye matofali; kwa hiyo kamati ilijenga ukuta mwepesi mbele ya mabenchi na kumlipa msanii auchore mbingu yenye mawingu. Ukitazama kutoka chini ilikuwa kazi nzuri sana. Marehemu walijitokeza kwa wakati wao. Walipenya matofali, wakapanda ngazi arobaini na nne, wakakaa nyuma ya mbingu, na tangu siku hiyo waliokaa mbele walikuwa na vumbi jekundu mabegani na jeupe kwenye pua, kwa sababu iliwabidi wainame na kutokeza nyuso ukutani ili waone. Watazamaji wa chini walizisifu nyuso zile. Walidhani ni sehemu ya mchoro.

Miaka ikapita. Jumba lilikodishwa kwa harusi, kwa mikutano ya wauza bima, kwa mahafali. Mwongoza wageni aliwaambia watu kwamba huko juu palikuwa na viti vya bei nafuu, na watu walitikisa vichwa wakaipiga picha ile mbingu. Bi Thackston alifariki, akachongewa jina kwenye shaba, na Jumamosi yake ya kwanza aliingia kwa mlango wa mbele akakaa safu ya C. Hosea naye alikwenda. Alirudi Jumamosi iliyofuata kwa uchochoroni, akiwa na ufagio wake, na alifagia ngazi kabla hajakaa.

Loretha alibaki na ufunguo, kwa kuwa viti havikosi kuchakaa. Kila Jumamosi mchana alipanda juu kwa mlango mdogo wa mafundi, akakaa safu ya tatu, akatengeneza kiti kimoja kilichong'olewa kutoka chini, magotini mwake, karibu na mama yake. Mto ulikuwa kati yao na mkoba ulikuwa juu ya mto. Watu walimzoea. Mwalimu wa piano wakati mwingine alimpisha apite. Ozella hakumtazama. Alitazama mbele, kwenye mgongo wa mbingu, kama mtu anayefuatilia hadithi.

Jumamosi moja ya Mei, miaka kumi baada ya ufunguzi, kulikuwa na onyesho la shule ya ngoma. Loretha alikuwa na kiti cha safu ya F mapajani; alikuwa amekwisha kupiga upande mmoja. Kupitia ufa wa ukuta mwepesi aliona watoto kumi na wawili waliovaa kama vipepeo wakiingia jukwaani kwa mstari. Walikuwa wamekatazwa kuzungumza, wamekatazwa kutazama watu. Muziki ulikuwa bado haujaanza.

"Jameka!" iliita sauti ya mwanamke mzee kutoka viti vya chini, mbali nyuma. "Jameka, mjukuu wangu, nipo huku!"

Watu wakacheka. Mwalimu aliyesimama pembeni mwa pazia akaweka kidole mdomoni. Kipepeo wa nne, mwenye mapengo mawili, akageuka kabisa, akakinga macho kwa mkono dhidi ya taa, akatafuta mpaka akaona, akapunga mkono.

"Nakusikia, Bibi," alisema.

Mkono wa Ozella, uliokuwa juu ya mkoba, ulisogea kidogo.

Loretha aliweka nyundo chini. Alitema misumari kiganjani, kumi na saba, yenye joto na mate, akafumba mkono. Muziki ulianza chini. Alijua mama yake huenda asigeuke, na kwamba saa kumi na moja angeshuka ngazi zote zile na kutokea ukutani kama kawaida.

"Mama," alisema, kwa sauti ya kutosha hata safu ya kwanza wakasikia. "Siku ile ulivyoniita. Nilikusikia."