Bata Dume wa Kwa Kanbei

Mchana, Kanbei muuza chai alipovaa ndara zake na kusema anakwenda kuangalia mzigo, bata dume alitoka kwenye picha ya shubakani, akajikung'uta maji, akamfuata. Tose, mkewe, alifuta nyayo kwenye mikeka kwa tambara lile lile la siku zote.

Picha hiyo ya kukunja, bata wawili bwawani chini ya msonobari, Tose alipewa na baba yake siku ya harusi. Kyoto yote inajua kwamba bata hao ni mume na mke wasioachana. Kwa kawaida dume alirudi jioni pamoja na mwenye nyumba, manyoya yakinukia udi wa nyumba nyingine. Lakini leo wakwe walikuwa njiani kuleta posa ya Mitsu, binti wa Tose na Kanbei, na pasipo jozi shubakani posa ingerudi ilikotoka.

Tose akamwita Genshichi, fundi wa kubandika picha kwenye hariri.

"Akirudi mgandishe, fundi."

"Mama, gundi yangu imelala mtungini miaka kumi. Inashika karatasi, inashika hariri. Bwana wa mtu haimshiki."

"Basi nichoree mwingine, upesi."

"Nimewachorea wengi mtaani hapa. Hao wapya ndio wanaoijua njia ya kutoka haraka zaidi."

Jike alizunguka bwawa, akazunguka tena. Tose alisogeza chombo cha maua, akakirudisha, akakisogeza.

Wakwe wakaingia. Kanbei aliwafuata nyuma akihema, peke yake; bata alikuwa amebaki kule. Baba wa bwana harusi alipiga magoti mbele ya shubaka, akaikodolea macho nafasi nyeupe kando ya jike.

"Lo, mchoraji huyu! Dume hakumchora, na bado unamwona. Utupu ule ndio ustadi wenyewe."

"Niliichagua mwenyewe," alisema Kanbei, akainama kwa unyenyekevu.

Mama wa bwana harusi hakuitazama picha. Alitazama tambara bichi lililosahauliwa mlangoni.

"Wetu aliondoka mwaka wa mafuriko," alimnong'oneza Tose. "Tumia la pamba, mkwe wangu. Linanyonya vizuri."

Posa ikapokelewa. Juu ya zawadi palikuwa na picha mpya, ya Mitsu. Tose aliikunjua: bata wawili, msonobari. Rangi ya dume ilikuwa haijakauka, na mguu wake mmoja ulikwisha kufika ukingoni.

"Nzuri, mama," alisema Mitsu.

"Nzuri sana."

Akaikunja, akailaza kwenye sanduku la harusi la bintiye, na juu yake akaweka tambara la pamba.