Shikamoo, Mkono wa Kulia

Chuma alikuwa anafua soksi kwenye sinki la chumba chao katika nyumba ya wageni alipoona kwamba mkono wake wa kulia umezeeka. Mwanzoni alidhani ni maji tu, maana vidole vikikaa sana kwenye maji ya sabuni hujikunja. Akazikamua soksi, akazianika kwenye kiti, akajifuta kwa taulo. Mkono wa kulia ukabaki vilevile: ngozi imelegea, mishipa imetokeza, madoa ya kahawia yametapakaa, kucha ngumu na za njano. Kuanzia begani kushuka chini ulikuwa mkono wa bibi kizee. Kwingine kote alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa.

"Baba, hebu tazama," alisema.

Baba yake alikuwa kitandani akifunga nyuzi mpya kwenye raketi. Ndiye aliyekuwa kocha wake, msafiri mwenzake na mbeba mizigo wake. Akavaa miwani, akaugeuza mkono huku na huku, akaminya kiwiko.

"Unauma?"

"Hauumi. Umechoka tu."

"Basi kalale. Kesho tuna mechi ya asubuhi."

Mashindano yenyewe yalikuwa ya daraja la chini kabisa ambalo mtu anaweza kucheza na bado akaitwa mchezaji wa kulipwa. Hakuna tiketi, hakuna majukwaa. Mipira unaiokota mwenyewe. Mwamuzi anakaa juu ya kiti chake akihesabu pointi tu, na kuhusu mistari wachezaji wanaamua wenyewe: mpira ukianguka upande wako, wewe ndiye unayesema uko ndani au uko nje. Watazamaji ni wazazi, mfagiaji, na mtu aliyepotea njia akaona kivuli. Ukishinda unapata pointi chache za viwango vya dunia, halafu unapanda basi kwenda mji mwingine kucheza mashindano kama hayohayo. Chuma alikuwa na zaidi ya mwaka kwenye mzunguko huo, akitolewa raundi ya kwanza, au ya pili akibahatika. Baba alikuwa anataka jambo moja tu duniani, wafike daraja la juu yake, kule ambako kuna mtu kazi yake ni kukupa taulo.

Jina la Chuma alimpa baba huyo, siku alipompeleka mara ya kwanza kwenye ukuta wa nyuma wa ghala alilokuwa analitunza. Mtoto alikuwa na miaka minne. Raketi ya mtoto haikuwepo, akampa ya mtu mzima. Tangu hapo ikawa kila alfajiri kabla ya shule, na kila jioni mpaka mpira usionekane. Majirani wakasema baba yule ana moyo. Wala hawakukosea, alikuwa nao. Alisimama pale mvua na jua, akiwa na chupa ya maji, akimwambia mwanawe moja ya mwisho, na baada ya hiyo, moja ya mwisho.

Daktari wa mashindano, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, aliupima mkono ule presha.

"Huu umeshafanya kazi ya maisha mazima," alisema. "Wenzake wa umri huu wamestaafu, wanakaa barazani. Upumzike. Usipopumzika, utakufa kabla yako."

"Tukimaliza haya mashindano," akasema baba.

"Mimi ningependa upumzike sasa," akasema Chuma.

Daktari akamtazama baba, baba akatazama saa. Daktari akaandika kwamba mchezaji anaruhusiwa kucheza, kwa kuwa kanuni zinauliza umri wa mchezaji na siyo wa viungo vyake.

Mechi ya kwanza alipangiwa na Mrefu, msichana aliyekuwa akimfunga kila wanapokutana, na kumfunga kwenyewe siyo kwa huruma. Walipokutana kwenye wavu kupeana mikono, Mrefu aliishika ile ngozi, akainamisha kichwa kabla hajafikiri.

"Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia Chuma. Angefanyaje? Salamu imeshatolewa.

Baada ya hapo Mrefu akawa si Mrefu tena. Alirusha mpira juu, akanyanyua raketi, akaona mkono unaomsubiri kule ng'ambo, nguvu zikamwishia. Akawa anapeleka mipira ya upole, ya kufikiwa bila kusumbuka. Akitoka kunywa maji alimlalamikia mama yake kwenye uzio, "Sasa mama, nitampigiaje mtu mzima?" Mama yake akasema kweli, haipendezi. Chuma akashinda.

Baba aliliona hilo, na hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Mama yake Chuma, fundi cherehani, alipopata habari alimtumia kwa basi fulana yenye mkono mmoja mrefu, wa kulia, ili kile kikongwe kisipigwe na upepo. Baba aliufumua ule mkono wa fulana uzi kwa uzi, kwa wembe, mpaka bega likabaki wazi.

"Acha waone," alisema.

Chuma akampigia mama simu. Mama akasimamisha cherehani.

"Nimeukazia mshono mara mbili, kumbe bure," alisema. "Baba yako namjua, mwanangu. Nikisema sana ataniambia sijui mchezo. Uvumilie. Huo mkono upake mafuta."

Mafuta alipaka baba. Kila mara kabla ya mechi alipiga magoti mbele ya kiti, akauweka mkono juu ya taulo safi, akauchua taratibu kuanzia begani. "Shikamoo mama," aliuambia. "Utuwie radhi kwa usumbufu. Leo tena kidogo tu, ukiridhia." Mkono haukujibu, kwa hiyo ilichukuliwa umeridhia. Chuma alitazama pembeni. Maishani mwake hakuwahi kuombwa radhi na baba, wala kuulizwa kama ameridhia. Aliuonea wivu mkono wake mwenyewe, halafu akauonea huruma, maana nao haukuwa unasikilizwa, ulikuwa unaamkiwa tu.

Kufika nusu fainali mkono ulikuwa unatetemeka hata kushika kijiko. Ukiachwa peke yake ulijilaza mapajani, kiganja juu, ukasinzia. Chuma akaamua atafungwa makusudi ili aurudishe nyumbani. Lilikuwa wazo zuri. Akaupiga mpira nje ya mstari, nje kabisa, mpaka ukagonga uzio.

"Ndani," akasema mpinzani wake, kwa adabu.

Akaupiga kwenye wavu. Mpinzani akainua mkono kumwambia mwamuzi kwamba yeye hakuwa tayari, mzee arudie. Akauacha upite bila kuugusa, mpinzani akasema samahani, ule ulikuwa nje, kosa langu. Chuma akajaribu kila namna anayoijua ya kushindwa, na alizijua nyingi, alikuwa na mwaka mzima wa mazoezi. Haikusaidia. Akashinda seti zote mbili, akaingia chumba cha kubadilishia nguo, akalia kwa sauti. Mfagiaji akamsogezea ndoo, akidhani anataka kutapika.

"Baba," alisema jioni, "naomba tusicheze fainali. Nakuomba. Mkono utakufa."

"Tukishinda kesho tunapanda daraja," baba akasema. Alikuwa anamenya chungwa, akampa kipande kikubwa. "Huko tutapumzika vizuri."

Mkono ulikata roho kwenye fainali, seti ya pili, Chuma akiwa mbele na akitaka kuanzisha mpira. Mpira ulienda juu, mkono ukanyanyuka nusu njia, ukashuka. Raketi ikaanguka. Hakukuwa na jambo jingine la kuonekana. Mpinzani, msichana mwenye bandeji gotini, alivuka upande wa pili, akaweka raketi yake chini, akasema, "Poleni sana." Wazazi waliokuwa kwenye uzio wakasimama. Mwamuzi akavua kofia.

"Pole kwa msiba," alisema kwenye kipaza sauti. "Mchezaji ana muda wa matibabu wa kawaida. Kanuni haina muda mwingine."

Baba akaruhusiwa kuingia uwanjani kama mfiwa. Alikuwa analia kweli, machozi mpaka kidevuni. Aliunyoosha mkono, akaukunja vidole kimoja kimoja, akaufunika kwa taulo, akaufunga kiunoni kwa Chuma ili usininginie. Daktari mnene alisimama karibu, mikono nyuma, akitikisa kichwa. Chuma aliona uzito ule begani na akahisi kitu ambacho hakukitarajia, nafuu. Akadhani basi, imekwisha. Akafikiria mama, na chumba chenye cherehani, na kuamka jua likiwa limeshatoka.

Baba akajifuta macho kwa kiwiko. Akaiokota raketi, akaipangusa vumbi, akausogelea mkono wa kushoto. Huu hakuuamkia. Aliutazama kwa furaha, akaugeuza kiganja, akapitisha kidole gumba juu ya ile ngozi laini isiyo na sugu.

"Ona," alisema, "huu bado mtoto. Haujaanza hata kidogo."

Chuma alitaka kuuficha mgongoni. Alijaribu kwa nguvu zake zote. Lakini nao ulikuwa umelelewa nyumba ileile, na vidole vilikuwa vimeshaipokea raketi.