Noti Tano za Mama

Kaka aliifunga kompyuta yangu kwa kiganja, taratibu, kama anayemfumba marehemu macho. Tulikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mama alikuwa amekaa kiti cha mbele, skafu imezunguka shingo iliyopasuliwa miezi michache kabla, na hakuna aliyethubutu kumtazama.

Wimbo ulikuwa wake. Aliutunga zamani akiwa kwenye cherehani, sisi tukiokota vipande vya vitambaa chini ya meza. Baada ya upasuaji sauti yake ilibaki mnong'ono, na daktari akasema tusitarajie zaidi. Ndipo kwaya yake ikaamua kuuimba tamashani, na kaka, mpiga kinanda, akapewa kazi ya kuupangia kodi: yale mafungu ya noti yanayopigwa kwa pamoja kuubeba wimbo. Si kodi ya nyumba, ingawa zote mbili humnyima mtu usingizi.

Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada ya kompyuta na kiburi chake. Nilikuwa nimeandika programu ndogo ya kupanga kodi. Unaipa ngazi ya noti. Yenyewe inachukua moja, inaruka ya pili, inachukua ya tatu, inaruka tena, inachukua ya tano. Basi, haijui kingine. Nilipoipa do re mi fa so la ti, ikanitolea kodi zilezile za kaka, do-mi-so ikiwa ya kwanza. Kaka akafurahi, akaniita fundi.

Lakini kitu kilinikera. Nikachukua rekodi ya zamani ya mama iliyokuwa kwenye simu, nikaisikiliza noti kwa noti. Fa haikuwemo. Ti haikuwemo. Kaka ndiye aliyezipachika, ili wimbo ulale vizuri juu ya kodi zake. Nikajiuliza: programu ikipewa noti tano za mama tu, na sheria ileile ya kuruka, itafanya nini?

Ilinishangaza. Do-mi-la. Re-so-do. Mi-la-re. Kati ya kodi tano, masikio yangu yalizitambua mbili tu. Tatu zilisimama wazi kama nyumba ambayo haijaezekwa, mvua na mwezi vinaingia vitakavyo. Nilizirudiarudia mpaka chai ikapoa. Sheria haikubadilika hata herufi. Ngazi ndiyo iliyobadilika, na nikajikuta nimefungua mlango ambao sikujua kama upo.

Nilimwambia kaka. Akasema masikio ya watu hayajazoea vitu hivyo, mama ataaibika, tena mashine haiwezi kumfundisha yeye wimbo wa mama yake. Nikamwambia kinanda chake nacho ni mashine, hakikuota shambani. Hatukusemeshana tena hadi siku ya mazoezi, nilipounganisha kompyuta na spika bila kumwomba ruhusa.

Hapo ndipo alipoifunga.

"Ifungue, baba," mama alinong'ona.

Kaka akaifungua. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, kidole kikigonga goti. Kwenye kodi ya tatu akainua mkono.

"Hiyo itoe. Inajidai." Watu wakacheka, wakapumua. "Nyingine ziache. Na hiyo fa mnayoniimbia, ya nani?"

Kaka akachukua funguo zake, akatoka. Tamashani kodi zilipigwa na spika badala ya kaka, kwaya ikaimba noti tano, na mama akafuata kwa midomo tu, bila sauti, uso umemng'aa.

Kaka alirudi kwayani baadaye. Sasa anaupiga wimbo ule vizuri kuliko programu yangu itakavyoweza, na hilo namwambia bila kubanwa. Bado kuna jambo linamkaa kooni. Juzi, akimenya chungwa jikoni kwa mama, akalitoa.

"Ulinivua nguo mbele ya watu, mdogo wangu. Nangoja neno moja tu."

"Nalijua," nikasema. "Utangoja sana. Siku ile ikirudi, nitaongeza sauti ya spika. Siombi radhi, kaka."