Kamba ya Duara la Mayala

Niseme mapema, mtu asije akanikatisha katikati: Melania wa Maganzo hakunishinda. Yeye anasema alinishinda, redio ilitangaza hivyo, na medali anayo yeye, ameitundika sebuleni kwao juu ya televisheni. Sawa, afurahi. Lakini aliyekuwa juu ya baiskeli yangu ni mimi, na breki niliishika mwenyewe.

Naitwa Sikujua. Kwetu ni Kishapu, huko ambako mwanamke akipanda baiskeli hakuna anayegeuka kumtazama, maana baiskeli ndiyo inayobeba maji, pamba na hata mgonjwa. Mbio nilizianza kwa ubishi tu wa wasichana njia ya kisimani, nikazoea kushinda. Wazazi wangu walipofariki, shangazi yangu Mbuke akanichukua Geita, kwenye machimbo madogo nje ya mji, ambako alikuwa anawapikia wachimbaji. Siku niliyoshinda mbio zangu za kwanza pale Geita, jioni ile ile duara la bosi Mayala likatema. Duara ni shimo la dhahabu, na likitema ndiyo dhahabu imetoka. Lile lilikuwa limekaa miezi na miezi linatoa mawe matupu, watu wanashindia uji.

Basi Mayala akakimbilia kwa mganga wake. Mganga akamwambia nyota ya duara lile ni yule binti wa baiskeli. Kila asubuhi, kabla mtu wa kwanza hajashuka, binti aishike kamba kwa mkono wake. Asiposhika, watu wasishuke.

Mwanzoni nilicheka. Nani asingecheka? Naamka, nanawa uso, nakwenda pale kwenye mdomo wa shimo, nashika kamba. Wanaume wazima wamevua kofia, wananiambia "Wabeja, dada," ndiyo ahsante yetu sisi Wasukuma, kisha wanashuka mmoja mmoja. Mayala akaninunulia baiskeli ya mbio, nyepesi mpaka nainyanyua kwa vidole. Shangazi akajengewa banda la chakula la mabati mapya. Nikaringa jamani, kwa nini nisiringe?

Lakini hebu piga picha. Kamba inashikwa kila asubuhi, maana yake huwezi kulala nje. Binamu yangu kaolewa Kishapu, sikwenda. Mbio za Mwanza zinaanza alfajiri, sikwenda. Bariadi, sikwenda. Nikawa nashinda mbio zile zile za Geita, kwenye barabara ile ile, mpaka mbwa wa pembeni ya njia walichoka kunibwekea.

Siku moja nikapiga moyo konde, nikapanda basi la Shinyanga. Halijaondoka hata hapo Kalangalala, mjini Geita, nikaona wachimbaji wamelizunguka. Hakuna aliyenigusa. Laiti wangenipiga, ningepata la kuwaambia polisi! Walikuwa wananibembeleza. Ngusa, mtu mzima, baba wa watoto sita, alipiga magoti vumbini. "Dada, ukiondoka wewe, mimi wale watoto nawalisha nini?" Abiria ndani ya basi wakaanza kunisema mimi, eti binti mzuri hivi ana roho mbaya. Nikashuka. Wakanibebea begi, wakarudi nami wanaimba, mimi katikati. Pale ndipo nilipojua kwamba nimefungwa, na sikuwa na wa kumshitaki.

Nikamwendea shangazi. Alikuwa anachambua maharage.

"Shangazi, niombee kwa Mayala. Wewe anakusikiliza."

Hakuinua hata uso. "Tulia, Sikujua. Tunakula, tunalala, tunaheshimiwa. Unataka nini tena?"

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia mpaka chakula chake kikawa hakipiti kooni. Nikajisemea, huyu naye yuko upande wao, mabati yamemlevya.

Ndipo akaja Mwalimu Generosa, kocha wa timu ya taifa ya wanawake ya baiskeli. Alikuwa anazunguka mikoani kutafuta waendeshaji. Aliposimama mbele yetu pale Geita kututangazia mbio za mchujo, hakuzunguka mbuyu. "Wa kwanza na wa pili nawachukua kambini Dar es Salaam. Wa tatu, hata akiwa mwanangu wa kumzaa, anabaki kwao."

Mayala alifurahi, akadhani ni sherehe yake. "Shinda, binti! Nyota ing'ae!" Nikamuuliza, je, kambini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe anaruka. "Kambi utaifanyia hapa hapa. Mwambie mwalimu wako aje, tutamlisha nyama."

Nikapiga hesabu zangu. Nikiwa wa kwanza, nyota imezidi kung'aa, hawaniachii ng'o. Nikishindwa kabisa, wataniachia, lakini kocha naye hanichukui. Nikiwa wa pili je? Kwa wachimbaji wa pili ni mshindwa tu, hana tofauti na wa mwisho, na nyota iliyoshindwa haina kazi. Kwa Generosa wa pili ana kiti kwenye gari. Basi nikaamua nishindwe, ila nishindwe kwa adabu.

Kulikuwa na jambo moja. Siku ya mbio tulitakiwa kuripoti mjini kungali giza, baiskeli zikaguliwe. Kamba ashike nani? Mayala akamtuma mtu kwa mganga. Jibu likaja kwamba mtu wa damu yangu anaweza kunishikia, kwa siku hiyo moja tu. Wa damu yangu pale mgodini alikuwa shangazi peke yake.

Mbio zenyewe sina haja ya kuzirefusha. Tulitoka Kalangalala tukiwa kundi, kilima cha kwanza kikawachambua, cha pili kikawamaliza. Wakati wa kurudi mjini tulikuwa wawili mbele, mimi na Melania, naye anahema mpaka nasikia kifua chake. Miguu yangu ilikuwa bado inadai kazi. Ningeweza kumwacha pale na kwenda kuoga kabla hajafika! Tulipoikaribia kamba ya kumalizia, nikaona wachimbaji wa Mayala na ngoma yao, wanaruka, wanaita jina langu. Nikashika breki kidogo. Jamani iliniuma. Sijawahi kufanya kitu kilichoniuma hivyo. Melania akapita. Mara nikasikia gurudumu jingine nyuma yangu, lo! Kuna binti wa Kahama nilikuwa nimemsahau kabisa, anakuja kwa kasi zote. Nikakanyaga pedali kama mwendawazimu, nikamtangulia kwa tairi tu.

Ngoma ikanyamaza. Mtu mmoja akasema, "Nyota imeanguka." Mayala hakunisogelea. Alinitazama, akatema mate pembeni, akanigeuzia mgongo. Nililia, na wote wakadhani nalia kwa aibu. Nilikuwa nalia kwa furaha! Generosa akanishika bega akasema gari linaondoka baada ya chakula cha mchana, mimi na Melania tuwe tayari.

Bodaboda ikaingia uwanjani inapiga honi. Nyuma wamepakiwa wawili, Ngusa na shangazi. Ngusa aliruka kabla haijasimama. "Bosi! Limetema! Limetema kuliko siku zote!"

Mayala alicheka mpaka akashika magoti. Akanijia, akanikamata mkono, akauinua juu watu wauone. "Mmeona? Hata akishindwa linatema! Nyota haiko kwenye mbio, iko kwenye damu yake! Turudi nyumbani, binti." Na ngoma ikaanza tena. Generosa anauliza kuna nini, hakuna anayemjibu. Mimi nilikuwa nimesimama tu, mkono uko hewani si wangu tena. Ushindi wangu nimeugawa bure, na bado nimo ndani.

"Mayala," shangazi aliita. "Leo kamba kashika nani?"

Hawakumsikia. Akaenda akaikalia ngoma. Ndiyo, aliikalia, na khanga yake yote vumbi. Kukawa kimya.

"Nimeuliza, leo kamba kashika nani?"

"Wewe," Mayala akasema.

"Na huyu leo kafanya nini?"

"Kashindwa."

"Na ile siku ya kwanza lilipotema, huyu alikuwa wapi? Si alikuwa huku mjini kwenye baiskeli yake? Nani alibaki kule na watu, akawapikia, akawapa sahani mkononi ndipo wakashuka?" Akanyoosha kiganja, kile kiganja chake cha moto na masizi. "Mmeng'ang'ania mtu siye. Nyota ni mimi."

Ala! Ngusa alimtazama shangazi, akanitazama mimi, akavua kofia. Akimtazama shangazi. Wengine nao wakavua.

Mayala aliniachia mkono polepole. Hakuwa mjinga, alitaka kuhakikisha. "Ukishika wewe, hulali nje."

"Silali."

"Hata kwenu kukiwa na msiba?"

"Hata kwetu kukiwa na msiba."

Alijibu kwa sauti ile ile anayouzia ugali. Kisha akanijia, akajifanya ananifuta vumbi usoni. Nikamnong'oneza, "Shangazi, unajua unachokifanya?"

"Panda gari la watu," akasema, "kabla hawajaenda kumuuliza mganga."

Nikapanda.

Nimevaa jezi ya taifa. Nimeendesha Kigali, nimeendesha Nairobi, nimepigiwa wimbo wa taifa nikiwa na matope usoni. Mwaka huu mbio za taifa zilipangwa Shinyanga, barabara inapita Kishapu, kwetu kabisa, mbele ya nyumba aliyozaliwa shangazi. Nikamtumia nauli na khanga mpya. Hakuja. Angelazimika kulala nje.

Wapo wanaosema shangazi Mbuke anapenda mwenyewe, amezoea kuvuliwa kofia. Waongo wakubwa! Hawajui hata anavyougua mgongo.

Nilishinda siku ile, na sikushika breki. Jioni nikampigia. Kwanza Ngusa ndiye aliyepokea, akaniambia duara limekauka tangu mvua za mwanzo, hakuna kitu, mawe matupu. Moyo uliniruka. Nikasema, basi imekwisha, wamejionea, wamwachie, nakuja kesho kumchukua.

Shangazi akachukua simu. "Usije," akasema. "Mganga amewaambia mara moja haitoshi. Sasa nashika asubuhi na jioni."

Akaniuliza kama nimeshinda. Nikamwambia nimeshinda, shangazi, wa kwanza. Akapiga kigelegele peke yake kule, kifupi, halafu akasema nikale, yeye anakata simu, wanamsubiri.