Jukwaa Lisilovuja

Saa tatu kasorobo asubuhi, mkaguzi mstaafu wa lifti alikamua kitambaa chake cha pili, akakianika juu ya mgongo wa kiti, akaketi mbele ya kompyuta na kuchora mstari katikati ya karatasi kwa rula ya chuma. Upande wa kushoto aliandika Faida, upande wa kulia Hasara, kwa mwandiko wa kulala aliofundishwa shuleni na ambao hakuwahi kuulegeza. Chini ya skrini palikuwa na beseni la bati. Maji yalikuwa yakidondoka humo kutoka kwenye ukingo wa skrini, kwa sababu alikuwa ameiacha wazi mada ya miaka sita iliyopita kuhusu ajali ya jengo la ghorofa kumi na moja.

Jukwaa la Mafundi Lifti lilikuwa na wanachama mia nne na kitu mtandaoni, nalo lilikuwa likivuja tangu lianzishwe. Mtu alipoandika jambo lisilo la kweli, maji yalitoka kwenye skrini ya kila aliyelisoma. Uongo mdogo, kama ule wa fundi anayesema yuko njiani ilhali hajavaa viatu, ulitoa kijiko kimoja na kukauka wenyewe. Uongo mkubwa ulihitaji beseni. Wanachama walikwisha kuzoea. Waliulizana vitambaa vipi hunyonya vizuri, wakashauriana namna ya kukausha kibodi, na kila mwaka alitokea mmoja wa kulalamikia ukungu ukutani. Kuhusu chanzo cha maji hakuna aliyeuliza. Lilihesabiwa kuwa suala la matengenezo.

Mada iliyovuja kupita zote ilikuwa na jumbe mbili tu. Wa kwanza uliandikwa na mjane wa fundi aliyefia katika ajali ile: “Naomba kuelezwa ni nani aliyeamuru lifti iendelee kutumika baada ya mume wangu kuandika kwamba breki zimekwisha.” Wa pili ulikuwa jibu la Mwenyekiti wa jukwaa, ambaye wakati huo alikuwa meneja wa jengo hilo: “Fundi wa zamu alikagua breki siku tatu kabla ya ajali na akathibitisha kuwa ni nzima.” Jibu hilo lilijaza beseni kila baada ya robo saa.

Mjane mwenyewe alikuwa fundi. Katika kazi hiyo leseni hutolewa kwa jozi: mmoja husimama juu kwenye mashine, mwingine hukaa ndani ya chumba cha lifti, na hakuna anayegusa kamba bila mwenzake. Jina la mmoja likichafuka, leseni ya wote wawili hufutwa. Mwenzake alikuwa mumewe, ndiye fundi wa zamu aliyetajwa katika jibu lile. Kwa hiyo kwa miaka sita alikuwa akipiga deki ngazi za majengo ambayo lifti zake angeweza kuzitengeneza macho yakiwa yamefumbwa.

Mara nne alipeleka malalamiko kwa Kamati ya Leseni, akiambatanisha mada hiyo ikiwa imechapwa na kulowa chapachapa. Mara nne karatasi zilikauka njiani, na Kamati ikajibu kwamba haikuona unyevu wowote. Mara ya tano ilikubali kuja kujionea kwenye skrini ya mkaguzi, kwa kuwa alijulikana kuwa mtu asiyepinda. Siku iliyopangwa ilikuwa Jumanne, tarehe ishirini na nne. Wiki moja baada ya tarehe hiyo kutangazwa, Mwenyekiti alipendekeza jukwaa lisanifiwe upya, na muundo mpya uanze kutumika Jumatatu, tarehe ishirini na tatu.

Mkaguzi aliitazama kalenda, kisha akampigia simu.

“Shikamoo, mzee wangu,” alisema Mwenyekiti.

“Marahaba. Kwa nini Jumatatu?”

“Jumatatu ni siku ya kuanza kazi. Au enzi zenu mlikuwa mkianza Alhamisi?”

“Nauliza kwa nini Jumatatu hii.”

“Mzee, wewe unaitilia shaka hata kalenda. Tangu lini?”

“Tangu nilipoajiriwa kukagua.”

“Basi kagua. Wanachama walikwisha kukuomba wewe uandike faida na hasara, tuamue kwa karatasi yako. Tumwamini nani mwingine? Tena aliyesanifu ni mjukuu wako. Hakukwambia?”

Hakuwa amemwambia. Mkaguzi aliweka simu chini, akamwaga beseni, akarudi kuketi akiwa amenyoosha mgongo zaidi kuliko alivyoketi kabla.

Mjukuu alifika mchana na kompyuta yake begani. Tangu akiwa darasa la tatu babu yake alimwita Mhandisi, na alipohitimu kweli, mzee aliliendeleza jina hilo kwa sauti ya mtu aliyetabiri na kupatia. Mjukuu alimfungulia babu muundo mpya mezani. Ulikuwa mzuri. Mada zilipangwa kwa aina ya mashine. Utafutaji ulichukua nukta moja. Michoro ilikuzwa bila kuchafuka. Ilikuwa kazi ya mtu anayefuta meza kabla ya kula na baada ya kula, na mkaguzi alitambua kwamba tabia hiyo ilitoka kwake. Alianza kujaza upande wa kushoto wa karatasi, na kalamu haikusita. Alipoinua kichwa, faida zilikuwa tisa.

“Na maji?” aliuliza.

“Hauvuji, Babu. Ni mkavu kabisa.”

“Tutaujaribu kwa mzigo.”

Kwa miaka thelathini na moja hakupitisha lifti yoyote bila kuipakia mawe ya chuma hadi uzito wake wa mwisho. Lakini ili kuupakia muundo huu alihitaji uongo, naye hakuwahi kuandika uongo katika jukwaa hilo. Hatimaye akaandika: “Sijawahi kumwonea fahari mjukuu wangu.” Katika muundo wa zamani sentensi hiyo ilibubujika hadi wakalazimika kuinua miguu. Katika muundo mpya ilikaa kimya. Kisha tone zito likadondoka kutoka darini na kumpata mkaguzi katikati ya upara. Likafuata la pili, kisha mengine mfululizo.

Mjukuu alisogeza kompyuta pembeni. “Hayo ndiyo maji yenyewe. Lazima yaende mahali. Nimeweka mfereji.”

“Mfereji unaelekea wapi?”

“Kwa aliyeanzisha mada. Hii umeianzisha wewe.”

“Nani alikuagiza?”

“Imo katika maelezo ya kazi, kipengele cha kumi na nne. ‘Unyevu uelekezwe kwa muulizaji.’ ”

“Ulikisoma kabla ya kutia saini?”

“Nilikisoma. Nilidhani ni maji tu.”

“Ulimwuliza Mwenyekiti sababu?”

“Alisema muulizaji ndiye anayesababisha jibu.” Alimpa babu yake kitambaa. “Babu, ningekataa wangempa mtu mwingine, naye angeharibu. Angalau huu mfereji hauzibi.”

Mkaguzi alijifuta kichwa. “Kazi umeifanya vizuri,” alisema kwa ukali.

“Asante, Babu.”

Alikuwa amekusudia kumkaripia. Upande wa kulia wa karatasi aliandika hasara moja: “Maji ya uongo yatamwagikia aliyeuliza ukweli, na skrini ya Jumanne itakuwa kavu.” Aliipigia mstari mara mbili. Kisha akazipitia faida tisa, akifikiria kuzipunguza. Kila moja ilikuwa ya kweli, na kila moja ilikuwa ya mjukuu wake. Hakufuta hata moja. Alibandika karatasi jukwaani siku hiyo hiyo, saa kumi alasiri. Haikutoa hata tone.

Mjadala ulidumu siku mbili. Fundi mmoja aliyejulikana kwa jina la Kamba Mbili aliandika kwamba yeye amebadilisha zulia mara tatu na hahitaji kusikia zaidi. Mwingine alimjibu kwamba zulia lake lililowa kwa uongo wake mwenyewe, na ajiulize ni mara ngapi amedai kwamba vipuri havijafika. Watu wakacheka. Wengine walisema kipengele cha kumi na nne kinanuka, lakini waliongeza haraka kwamba wao hawana mazoea ya kuuliza maswali, hivyo hakiwahusu sana. Mjane aliandika mara moja tu: “Naomba isubiriwe Jumatano.” Mwenyekiti alimjibu kwamba tarehe ilipangwa kwa kuzingatia urahisi wa wote, na wanachama wote wakachukua vitambaa.

Jioni ya siku ya pili Mwenyekiti alifunga hoja. Faida tisa, hasara moja, muundo umepita.

Mkaguzi aliandika papo hapo. “Hasara ile ipimwe kwa uzito, isihesabiwe kwa idadi. Sote tunajua kibao kilichomo ndani ya lifti. Kinasema watu wanane au kilo mia sita na thelathini. Wakiingia wanane wanene, lifti haiulizi idadi.”

“Mzee wetu,” aliandika Mwenyekiti, “katika miaka yako thelathini na moja, ni abiria wangapi umewaona wakisoma kilo?”

Mkaguzi hakuwahi kumwona hata mmoja. Ilikuwa kweli, na skrini ilibaki kavu.

Jumatatu muundo mpya ulianza. Jumanne saa nne kamili wajumbe watatu wa Kamati walifika na beseni lao wenyewe, lenye namba ya mali ya ofisi. Waliliweka chini ya skrini, wakaketi, wakaitazama mada ya jengo la ghorofa kumi na moja kwa muda wa saa nzima. Mjumbe mkubwa alisifu herufi. Mjumbe wa pili alipitisha kidole ndani ya beseni, akakikagua, akawaonyesha wenzake.

“Maji yako kwa mjane,” alisema mkaguzi. “Ni mwendo wa dakika ishirini. Nitawapeleka.”

“Hatukatai, mzee,” alisema mjumbe mkubwa. “Lakini barua yetu inasema tukague skrini. Haisemi dari ya mtu.”

“Andikeni barua nyingine.”

“Barua ya namna hiyo huombwa na mwenye leseni.”

“Leseni yake imefutwa. Ndiyo maana mko hapa.”

“Ndiyo maana tulikuja, kwa hisani.” Mjumbe akasimama. Waliandika “Hakuna unyevu”, wakatia saini wote watatu, wakaondoka na beseni lao.

Mkaguzi alivaa koti akaenda peke yake. Mjane aliishi chumba kimoja katika ghorofa ya juu kabisa, ambayo juu yake hapakuwa na kitu ila bati na anga lisilo na wingu. Alifungua mlango akiwa amejitanda kanga kichwani dhidi ya matone.

“Karibu, mzee. Pitia upande huu, huko kunanyesha.”

Maji yalianguka juu ya kitanda kwa mfululizo sawasawa, kutoka mahali pakavu pa dari. Palikuwa na ndoo tatu, sufuria moja, na bakuli juu ya mto. Mlangoni palipangwa madumu manne ya majirani, kwa sababu mabomba ya mtaa yalikuwa hayatoi tangu juzi.

“Ni maji safi,” alisema mjane. “Yanafaa hata kwa deki.”

Mkaguzi alimweleza juu ya beseni la Kamati, barua na saini tatu. Alieleza kwa mpangilio, bila kuruka kitu, akiwa amesimama. Mjane alimsikiliza huku akibadilisha ndoo iliyojaa.

“Faida tisa niliziandika mimi,” alimaliza.

“Nilizisoma. Mbili ni kitu kimoja.”

“Zipi?”

“Ya nne na ya saba. Herufi kubwa, halafu kusomeka bila miwani.”

Mkaguzi alizikumbuka, akaona ni kweli. “Ningeziandika nane.”

“Nane nazo zingetosha, mzee wangu. Kaa kwenye kiti kile, miguu yake ni mirefu.”

Alimpa chai. Kisha akakausha vidole, akachukua simu yake na kuandika upya swali lake jukwaani, neno kwa neno, akiwa anajua vema mahali maji yatakapoangukia.

“Kwa nini tena?” aliuliza mkaguzi.

“Hajanijibu bado.”

Jibu lilikuja kabla chai haijapoa. Fundi wa zamu alikagua breki siku tatu kabla ya ajali na akathibitisha kuwa ni nzima. Mkaguzi alilisoma kutoka upande wa pili wa meza, bila miwani. Juu ya kitanda maji yaliongezeka maradufu, bakuli likapinduka, na chini ya sakafu jirani akagonga dari yake kwa ufagio.

“Shika upande wa miguuni,” alisema mjane.

Mkaguzi alivua koti, akakunja mikono ya shati, akainama. Walihesabu hadi tatu, wakakisogeza kitanda ukutani.