Arobaini na Moja kwa Mia

Kaka yangu Leoncio alikuwa fundi wa simu miaka thelathini. Alipostaafu, akajipa kazi moja tu: kutunza tovuti ya kompyuta ambazo hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena. Vitabu vya mafundi, michoro ya saketi, michezo iliyokuwa ikiuzwa kwenye kaseti, vyote alivikusanya humo. Mtu wa Arica, kaskazini kabisa mwa nchi yetu, au wa Poland akitaka kufufua mashine ya ujana wake, alipitia kwa Leoncio kwanza.

Kampuni iliyokuwa ikimhifadhia tovuti ilifungwa na kufuta kila kitu ndani ya siku tatu. Tangu hapo hakumwamini mtu. Aliijenga upya tovuti yote, akaiweka kwenye mashine moja chumba cha nyuma, nyumbani kwake mlimani, Valparaíso. Nakala ya pili hakuwa nayo.

Jumamosi moja ya Februari nilimpelekea diski mpya.

"Leo siondoki bila nakala," nikamwambia.

"Wewe Nélida, ungeolewa na polisi," akasema, lakini waya akauchomeka. Mashine ikaonyesha kwamba kazi ingechukua saa sita. Tukakaa kula humita za mahindi mabichi.

Alasiri mwanga wa dirishani ukageuka rangi ya chungwa. Kabla sijauliza, simu zetu zikalia kwa pamoja, ule mlio wa tahadhari unaoshtua roho ya mtu: moto, ondokeni sasa hivi.

Leoncio akatoka nje kutazama. Nikabaki na kioo cha kompyuta. Thelathini na tisa kwa mia. Arobaini. Nilisikia mitungi ya gesi ikilipuka juu kwenye mteremko, mmoja baada ya mwingine, kila mlipuko karibu zaidi. Arobaini na moja. Umeme ukakatika.

Nikaichomoa diski, nikaitia kwenye mkoba.

Kaka akarudi mbio, anakohoa, kashika bisibisi. Diski zake kubwa, zenye tovuti yote, zilikuwa ndani ya kabati la chuma alilolifunga kwa skrubu kumi na mbili kwa ajili ya wezi.

"Nakala imefika wapi?"

Kwenye mabati juu yetu cheche zilikuwa zinadondoka kama mchanga. Mtu huyu ana pumu. Nilimtazama usoni.

"Imekwisha," nikasema.

"Yote?"

"Yote, kaka! Nimeiona kwa macho yangu. Twende!"

Akaitupa bisibisi. Tulishuka ngazi za mlima tumefunika nyuso kwa taulo zilizoloweshwa, yeye mkono wake begani mwangu. Nyuma yetu moto ulikuwa unanguruma kama lori linalopanda kilima. Sikuthubutu kugeuka.

Nyumba haikubaki hata fremu ya mlango.

Siku mbili tulilala kwenye ukumbi wa shule pamoja na majirani. Leoncio aliupakata mkoba wangu kama mtoto mchanga, akiwaambia watu, "Nyumba imekwenda, lakini kazi yangu yote imo humu." Kila aliposema hivyo nilijifanya nakunja mablanketi. Siku ya tatu nikashindwa kuvumilia.

"Kaka, ilifika arobaini na moja."

Hakunifokea. Aliweka mkoba chini, akaenda kusimama uani. Siku tisa hakunisemesha.

Nikawaandikia watu wote wa tovuti yake niliowajua. Vipande vikaanza kurudi: mama mmoja wa Poland alikuwa na vitabu mia tatu, mwalimu wa Arica alikuwa na kaseti karibu zote. Michoro ambayo Leoncio aliichora kwa mkono wake, miaka kumi na moja ya kazi, hakuna aliyekuwa nayo.

Sasa anakaa kwangu, mji wa Quillota. Nakala ziko katika nyumba nne, miji minne. Tunacheka tena, tunagombana tena. Lakini upepo wa kiangazi ukianza tu, namwona anaburuta kiti chake karibu na mashine, nami baridi inaniingia moyoni. Siku ile alitoka kwa sababu aliniamini. Siku nyingine moto ukija, nikimwambia imekwisha, atabaki kuhakikisha.